GPS ya mkononi: mambo ya kuangalia kabla ya kununua

Wavuvi wa Kwale, kuanzia Tiwi hadi Vanga, wana desturi ya kujua walipo baharini kwa kulinganisha alama za nchi kavu, kama vile minazi, mnara wa simu au vilima vya Shimba. Elimu hiyo isiachwe. Hata hivyo, usiku wa giza, mvua ya kusi inaponyesha au chombo kinapofika mbali na pwani, alama hizo hazionekani. Wakati huo GPS humsaidia nahodha kurudi kwenye mlango wa mwamba badala ya kupanda juu ya mwamba wenyewe.

GPS ni mfumo wa setilaiti wa Marekani. Setilaiti zake huizunguka dunia zikiwa juu takriban kilomita 20,200, na kifaa hupokea mawimbi ya angalau setilaiti nne ili kikokotoe kilipo. Vifaa vingi vya sasa hupokea pia mifumo ya Urusi, Ulaya na China. Huduma hii hailipiwi, wala haihitaji laini ya simu. Mahali palipo wazi kama baharini, kosa lake kwa kawaida ni mita chache tu.

Simu au GPS yenyewe?

Simu janja nyingi zina GPS ndani yake, na hufanya kazi hata pasipo na mtandao, mradi ramani ilipakuliwa mapema. Kwa anayevua karibu na pwani, simu inaweza kutosha. Udhaifu wake ni tatu. Skrini ya kugusa husumbua vidole vikilowa. Mwanga wa jua huifanya isisomeke vizuri. Tena simu inayotafuta mtandao baharini humaliza chaji haraka, na ikizima, nahodha amepoteza ramani na njia ya kuomba msaada kwa pamoja. Kwa anayekwenda nje ya mwamba au kulala baharini, GPS ya mkononi yenye vitufe ni salama zaidi, na simu ibaki na chaji yake kwa ajili ya kupiga.

Mambo manne ya kukagua dukani

1. Maji. Tafuta alama ya IPX7. Maana yake ni kwamba kifaa kinaweza kuzama mita 1 kwa dakika 30. Alama hiyo haizungumzii chumvi, hivyo kioshwe kwa maji baridi kila baada ya safari. Uliza pia kama kinaelea. Kama hakielei, kifungwe kamba.

2. Betri. Kinachotumia betri ndogo za AA ni rahisi kuhudumia, kwa sababu betri hizo hupatikana hata madukani vijijini. Akiba iwekwe kwenye chombo kisichoingia maji.

3. Skrini. Toka nacho nje saa za jua kali ukisome. Hapo hapo subiri kione setilaiti, kwani ndani ya duka hakiwezi kupimwa sawasawa.

4. Kuhifadhi alama. Hakikisha muuzaji anakuonyesha jinsi ya kuhifadhi mahali na kurudi hapo. Alama za kwanza kuhifadhi ni bandari ya nyumbani na mlango wa mwamba. Alama zichukuliwe mchana, bahari ikiwa shwari.

Anayevua upande wa Shimoni na Vanga ana sababu nyingine ya kujua alipo. Ndani ya Hifadhi ya Kisite uvuvi hauruhusiwi, na kusini yake kuna maji ya Tanzania. Baharini hakuna ua wa kumwonyesha mtu kwamba amevuka.

Tarakimu zisomwe vizuri

Kifaa kinaweza kuandika mahali kwa digrii zenye nukta, au kwa digrii na dakika. Digrii moja ina dakika 60. Chombo kilicho digrii 4 na dakika 30 kusini kiko karibu na Msambweni. Nahodha akisema kwa simu "nne nukta thelathini", aliye nchi kavu anaweza kuandika 4.30, ambayo ni digrii 4 na dakika 18, yaani upande wa Diani. Tofauti hiyo ni maili 12 za baharini, karibu kilomita 22, na waokoaji watatafuta mahali pasipo na mtu. Kila kundi la wavuvi likubaliane na bandari yake kutumia mtindo mmoja, na neno "digrii" na neno "dakika" yatamkwe.

Ni muhimu pia kukumbuka kwamba GPS ya kawaida humwambia mwenye kifaa alipo, lakini haimwambii mtu mwingine yeyote. Chombo kikipotea, hakuna ofisi inayoona. Kwa hiyo kabla ya kung'oa nanga, nahodha aache kwa viongozi wa BMU au kwa jamaa mambo matatu: idadi ya watu chomboni, eneo wanalokwenda na saa ya kurudi. Saa hiyo ikipita, aliyeachiwa habari asingoje asubuhi. Apige 999 au 112 na kutaja eneo hilo.

Jaketi za kuokoa maisha na dira ya kawaida zibaki chomboni hata baada ya GPS kununuliwa. Dira haihitaji betri.