Matunzo ya watoto si ya mama kusamehe

*Tulitalikiana kortini, watoto watatu wakabaki kwangu. Hukumu inasema baba yao atoe matunzo kila mwezi, lakini miezi saba sasa sijaona hata faranga. Anauza mitumba soko la kwa Siyoni, anasema hana mshahara. Wazee wananiambia nimwache, nisimwaibishe baba wa watoto. Nifanyeje? Mama wa watatu, Buyenzi.*

Mama, wazee wanakuomba usamehe kitu ambacho si chako. Lingekuwa deni lako, ungeweza kumwachia kwa ajili ya mema ya zamani. Matunzo haya korti iliwapa watoto. Wewe umeshikishwa tu, kama amana. Kifungu cha 27 cha Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Burundi iliuridhia mwaka 1990, kinaitaka serikali ihakikishe mzazi anatoa matunzo, na kifungu cha 19 cha Katiba yetu kinazihesabu haki zilizomo katika mkataba huo kuwa sehemu ya Katiba yenyewe. Kudai basi si kumwaibisha mtu. Sahani tatu za ugali na maharage huhitajika kila jioni, heshima ya baba iwepo isiwepo.

Hilo la mshahara lina uzito. Angekuwa mwajiriwa, korti ingeweza kuamuru akatwe kazini kwake. Lakini mtu anayefungua balo la mitumba ana mapato, na mapato huonekana: kibanda, mzigo, pikipiki. Chukua nakala ya hukumu yenye muhuri, andika mwezi kwa mwezi kisicholipwa, kisha uiombe kwa maandishi korti iliyowatalikisha itekeleze hukumu yake. Biashara ikiwa imeanguka kweli, yeye pia ana njia: aende kuomba kiwango kipunguzwe. Kujipunguzia mwenyewe hadi sifuri hakuruhusiwi na mtu. Kuitelekeza familia ni kosa la jinai pia, ila kumshtaki kwa hilo kuwe silaha ya mwisho, kwa kuwa aliye gerezani hauzi nguo.

Atasema pesa unazila wewe. Basi usipokee mkononi. Akutumie kwa simu, kwa Lumicash, kila faranga ibaki na alama yake, nawe utunze risiti za shule na za dawa. Na akija kuwaona watoto, mfungulie mlango hata kama hajalipa, maana kumwona baba ni haki yao nyingine. Deni lidai wewe kortini. Watoto wasitumwe kumuuliza.