Elimu kwa Umma: Uduvi wa Ziwa Victoria na Kujivua Gamba

Wakazi wa kata zilizo kando ya Ziwa Victoria humfahamu uduvi, yule kiumbe mdogo anayenaswa pamoja na dagaa na kuanikwa kwa ajili ya chakula cha mifugo. Jinsi anavyokua hufahamika kwa wachache, ingawa ndiyo inayoeleza kwa nini bomba la dawa ya mimea halipaswi kuoshwa ziwani.

Uduvi hana mifupa. Mwili wake umefunikwa na gamba lisilotanuka, hivyo hukua kwa vipindi. Gamba jipya, laini, hujengeka chini ya lile la zamani. La zamani hupasuka, naye hujichomoa. Hapo hufyonza maji, mwili ukatanuka, kisha gamba jipya hukakamaa likiwa na nafasi ya kukulia.

Jike hubeba mayai chini ya tumbo hadi yaanguliwe. Mtoto anayetoka hafanani na mzazi: huelea majini, na hujivua mara kadhaa kabla ya kupata umbo la uduvi kamili. Hata akiwa mzima haachi kujivua.

Muda wa kujivua ndio wa hatari, kwa kuwa mwili ni laini na hauna kinga. Baadhi ya viuatilifu vimetengenezwa makusudi kuzuia wadudu waharibifu wasiunde gamba jipya. Gamba la uduvi lina asili moja na la wadudu hao. Dawa ikifika majini, humwua vilevile.

Hasara hiyo humrudia mwananchi. Sangara wachanga hutegemea uduvi kwa chakula, na uduvi akitoweka mvuvi naye hupungukiwa. Soko nalo huogopa sumu: mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisitisha ununuzi wa samaki wa ziwa hili kwa hofu ya uvuvi wa kutumia sumu.

Kwa hiyo wananchi wanakumbushwa:

1. Bomba lisafishwe shambani, na maji ya kusuuzia yanyunyizwe katika shamba lilelile.
2. Makopo matupu ya dawa yasitupwe ziwani wala mtoni.
3. Ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa maji, uliowekwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, uheshimiwe.
4. Anayeona samaki au uduvi wakielea wamekufa asiwaokote kwa chakula, bali atoe taarifa mara moja kwa afisa uvuvi au mtendaji wa kata.