Vega ni Nani? Somo la Kutunga Maswali Kutoka kwa Bosi wa Street Fighter

Kama umewahi kukaa kwenye banda la gemu, huenda unamjua kwa sura hata kama jina lake hulijui: yule jamaa wa sare nyekundu na kofia ya kijeshi, anayekurukia mzima mzima kama kombora. Ndiye bosi wa mwisho wa Street Fighter II, gemu ya kampuni ya Capcom ya Japani iliyotoka mwaka 1991. Tangu hapo ameuawa na kurudi mara kadhaa. Mwaka 2024 aliibuka tena kwenye Street Fighter 6, safari hii amepoteza kumbukumbu.

Mimi nasomea ualimu, na kwa maoni yangu jamaa huyu anafaa kabisa kwenye kozi ya upimaji na tathmini. Tumwangalie kwa maswali matatu ya chemsha bongo.

Swali la 1: Vega ni nani?

Mchezaji wa Japani atakujibu kwamba ni dikteta, yaani huyo bosi wa mwisho. Wa Marekani atasema ni Mhispania mwenye barakoa na kucha za chuma. Wote wako sahihi.

Ilikuwa hivi. Kwenye gemu ya Kijapani kulikuwa na bondia aliyeitwa M. Bison, na alifanana mno na Mike Tyson. Gemu ilipopelekwa Marekani, Capcom wakaogopa kushtakiwa. Badala ya kutunga jina jipya, wakayazungusha majina waliyokuwa nayo. Jina la bondia akapewa dikteta, la dikteta akapewa Mhispania, na la Mhispania, Balrog, akapewa bondia. Bosi wa nne, Sagat wa Thailand, hakuguswa. Yeye alikuwa na jina hilohilo tangu alipokuwa bosi wa mwisho wa gemu ya kwanza, mwaka 1987.

Swali hili liliwahi kuulizwa kwenye shindano la bwenini kwetu. Jamaa mmoja akajibu "dikteta", akanyimwa pointi, na timu yake ikatolewa kwa pointi hiyohiyo moja. Alikuwa anajua kuliko aliyeandika swali.

Swali la 2: Herufi M kwenye jina M. Bison inasimamia nini?

Jibu la harakaharaka ni Mike. Ni kweli, lakini Mike huyo ni bondia. Jina lilipohamia kwa dikteta, herufi nayo ikabebwa humohumo, kama jina la mwenyewe wa zamani lililoshonwa kwenye kola ya shati la mtumba. Sasa mtu akiandika Mike, utampa maksi au humpi? Inategemea ulikuwa unauliza jina au mtu, na swali lenyewe halijasema.

Swali la 3: Nani bosi wa mwisho wa Super Street Fighter II Turbo ya mwaka 1994?

Wengi watasema M. Bison. Lakini ukicheza kwa kutimiza masharti fulani, anatokea Akuma, anammaliza Bison mbele ya macho yako kufumba na kufumbua, halafu anakugeukia wewe. Na kule Japani huyo Akuma anaitwa Gouki! Aliyecheza kawaida na aliyetimiza masharti watatoa majibu tofauti, na hakuna aliyedanganya.

Tunajifunza nini?

Swali likimwadhibu anayejua, halipimi maarifa. Linapima kama mtahiniwa alisoma mahali aliposoma mtahini. Huku mashuleni tunakokwenda mambo ni hayohayo. Mtoto aliyehamia Dodoma kutoka Zanzibar akiandika "skuli" badala ya "shule", kuna mwalimu atakayemkosesha.

Wachezaji walitatua shida yao wenyewe. Mjapani na Mmarekani walipokutana mashindanoni, ilibidi waelewane. Wakaanza kuwaita wahusika kwa kile kinachoonekana: Bondia, Kucha, Dikteta. Hapo hakuna anayebisha.

Kwa hiyo, wenzangu tunaojiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha:

1. Taja toleo, mahali au mwaka ndani ya swali lenyewe.
2. Andika majibu yote yanayokubalika kwenye mwongozo wa kusahihisha kabla ya mtihani, siyo baada ya malalamiko.
3. Mwanafunzi akileta jibu lisilokuwemo, muulize amelitoa wapi kabla hujamkosesha.

Zoezi: Tunga swali moja kuhusu dikteta huyu ambalo Mjapani na Mmarekani watalijibu sawasawa. Mpe mwenzako wa chumbani alijaribu. Akikupa jibu ambalo hukulitegemea, anza kutafuta kosa kwenye swali lako.