Abiria Asiyelipa Nauli: Sheria Yasemaje?

Basi litokalo Nairobi kwenda Garissa hupita Thika na Mwingi, likasafiri kilomita zipatazo 370 kabla ya kuvuka daraja la Mto Tana. Abiria wengi hununua tikiti ofisini kabla ya safari kuanza, na hao hawana nafasi ya kuikwepa nauli. Ugomvi huanza njiani. Mtu hupandia Ukasi au Bangale, huketi kimya, na kondakta amfikiapo hupapasa mifuko yake na kusema kwamba fedha zake ziko kwa nduguye mjini. Je, mtu huyu ni mwizi, au ni mdeni tu? Na kondakta ana haki ya kumtenda nini?

Watu wengi humwita mwizi, lakini neno hilo halimfai sawasawa. Kanuni za Adhabu za Kenya husema kwamba kinachoibwa ni kitu kiwezacho kuchukuliwa na kuhamishwa, kama vile mbuzi, sanduku au fedha. Safari haichukuliki. Mahakimu wa Ulaya nao walitatizwa na jambo hili zamani. Mathalani, sheria ya udanganyifu ya Ujerumani ilitaka pawepo mtu aliyedanganywa. Sasa aliyejipenyeza ndani ya gari bila kuonwa na mtu, alimdanganya nani? Kwa hiyo mwaka 1935 Wajerumani waliongeza kifungu cha peke yake kwa ajili ya makosa ya namna hiyo, na adhabu yake kubwa ni kifungo cha mwaka mmoja.

Kenya ina njia nyingine. Kanuni za Adhabu zamhukumu mtu apataye mkopo kwa hila, yaani aingiaye katika deni kwa kusema uongo, na adhabu yake haizidi kifungo cha mwaka mmoja. Basi jambo la kuchunguzwa si mfuko mtupu, bali ni uongo. Aliyemwambia kondakta kwamba nduguye anamngoja stesheni na fedha mkononi, ilhali anajua wazi kuwa hakuna ndugu wala fedha, huyo amefanya hila. Lakini aliyesema mlangoni, kabla ya kupanda, kwamba hana kitu, naye kondakta akamruhusu, huyo si mkosaji. Ni mdeni, na mwenye basi aweza kumdai kwa njia ya madai. Kadhalika aliyeibiwa fedha zake akiwa safarini hakumdanganya mtu. Katika wilaya za kaskazini shida ya mtu kama huyu huenda ikamalizwa na abiria wenyewe kwa mchango, ambao Wasomali huuita qaaraan, na polisi wasihitajiwe kabisa.

Huko London mkaguzi aweza kumtoza abiria asiye na tikiti malipo ya adhabu papo hapo. Tangu Machi 2024 malipo hayo ni pauni 100, na hupunguzwa nusu yakilipwa mapema. Lakini mkaguzi huyo amepewa uwezo huo na sheria, wala hakujitungia mwenyewe. Sheria ya reli ya Uingereza ilikwisha kumtaja abiria akwepaye nauli tangu mwaka 1889, na faini yake kwa kosa la kwanza haikuzidi shilingi 40 za wakati ule. Kondakta wa basi la Garissa aongezaye shilingi mia mbili juu ya nauli kwa kuwa abiria amemchosha, huyo anajifanya hakimu, na fedha hizo hazimhusu.

Lililo baya zaidi ni desturi ya kumnyang'anya abiria kitambulisho ili kiwe rehani. Sheria ya kuandikisha watu yakataza kumpokonya mtu kitambulisho chake pasipo haki. Kwa mtu wa Nairobi hasara hiyo yaweza kuonekana ndogo. Kwa mtu wa Garissa, Wajir au Mandera siyo ndogo hata kidogo. Katika barabara hii abiria huteremshwa kwenye vizuizi vya polisi na kuulizwa vitambulisho, na asiye nacho huenda asivuke daraja. Tena wazee wanakumbuka ukaguzi wa Wasomali wote wa Kenya ulioamriwa Novemba 1989, ambapo kila mmoja alipaswa kuthibitisha uraia wake. Miaka mingi baadaye vijana wa mkoa huu waliendelea kupita mbele ya kamati za uchunguzi kabla ya kupewa kitambulisho, mpaka Februari 2025, wakati Rais William Ruto alipotangaza huko Wajir kwamba uchunguzi huo wa pekee umeondolewa. Kadi iliyotafutwa kwa taabu kiasi hicho haiwezi kupimwa na nauli ya kutoka Bangale.

Vipi juu ya mizigo? Hapa kondakta ana hoja kidogo. Sheria ya Kenya ya mwaka 1967 juu ya mahakama yakubali kanuni za mahakama za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, kwa kadiri zinavyofaa hali ya nchi na watu wake. Miongoni mwa hukumu za zamani iko moja ya mwaka 1811 iliyohusu nahodha na abiria wa meli. Ilisemwa kwamba nahodha aweza kuzuia mizigo ya abiria mpaka nauli ilipwe, lakini hawezi kumzuia abiria mwenyewe, wala nguo alizovaa. (Makondakta wavuao watu viatu na wasikie.) Aidha, amfungiaye mtu ndani ya basi pasipo haki atenda kosa, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha mwaka mmoja, sawa na ile ya abiria mwenye hila. Kumshusha mtu nyikani adhuhuri, mbali na maji, ni hatari ya roho, na akidhurika kondakta na dereva wataulizwa. Palipo na uongo ulio dhahiri, njia iliyo salama ni kumpeleka abiria katika kituo cha polisi kilicho karibu bila kukawia.

Imebaki nauli ikwepwayo kwa namna nyingine, wala abiria hana lawama. Abiria wa njiani hulipa fedha taslimu, kondakta akazitia mfukoni, tikiti haitolewi, na mwenye gari hapati habari. Fedha ni kitu kiwezacho kuibwa. Kwa hiyo huu ni wizi hasa, tena wizi wa mtumishi kwa bwana wake, ambao adhabu yake yaweza kufika miaka saba. Mwaka 2014 Serikali ilijaribu kuwaagiza wenye matatu na mabasi kupokea nauli kwa kadi, na sababu mojawapo ilikuwa kuzuia fedha kupotea mikononi mwa makondakta. Tarehe ya kuanza ilisogezwa kutoka Julai hadi Desemba, na mwishowe mpango haukushika. Abiria apandiaye Ukasi na kulipa taslimu hana budi kudai tikiti yake hapo hapo, maana kondakta mwingine akija kumdai nauli mara ya pili kabla ya kufika Garissa, hiyo ndiyo itakayomwonyesha kwamba amekwisha kulipa.