Dondoo muhimu: Kujitolea Kosta Rika, ukiishi na familia mwenyeji

• Chanja homa ya manjano angalau siku 10 kabla ya safari. Cheti kikae kwenye mkoba wa mkononi, si ndani ya begi kubwa.

• Umeme wa huko ni volti 120, na plagi zina pini mbili bapa. Nunua adapta mapema.

• Asubuhi utapakuliwa gallo pinto, yaani wali na maharage yaliyokaangwa pamoja. Sema “gracias” (asante), kisha ule.

• Chooni, karatasi hutupwa kwenye ndoo iliyo pembeni. Ukiitumbukiza chooni, bomba huziba.

• Mbu wa dengi huuma mchana. Jipake dawa tangu asubuhi; chandarua peke yake hakitoshi.

• Ukienda Tortuguero kulinda kasa, kati ya Julai na Oktoba, vaa nguo nyeusi. Usiwashe tochi nyeupe wala simu ufukweni: kasa akishtuka hurudi baharini bila kutaga.

• Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Usingoje kuambiwa: osha vyombo, anua nguo mvua ikitanda, na ukitoka, aga.