Dondoo muhimu: Siku mbili Kilwa

Kata kibali na uchukue mwongozaji Kilwa Masoko kabla ya kupanda mashua. Safari ya kwenda Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale, ni fupi, ila uliza kwanza saa za maji kujaa na kupwa. Yakipwa, huenda ukashuka mbali na ufuko na kutembea majini, kwa hiyo vaa kandambili.

Siku ya kwanza ondoka asubuhi, jua halijakolea. Muda mwingi upe Msikiti Mkuu, ulioanza kujengwa karne ya 11. Simama chini ya makuba yake utazame mawe ya matumbawe yalivyoshikamanishwa kwa chokaa. Ni kazi ya mafundi wa pwani hii hii. Kisha nenda Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14 lenye birika la pembe nane. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, dhahabu ya Sofala, bandari ya kusini, ilikuwa ikipitia hapa.

Ufukweni utaona vigae vya vyungu na vya kauri za Uchina. Piga picha, uviache palepale. Kuviokota ni kuiibia historia.

Siku ya pili panda boti ya mashine hadi kisiwa cha Songo Mnara, chenye magofu mengine, kupitia mikoko. Beba kofia na maji ya kunywa.

Epuka masika, Machi hadi Mei.

Kisiwani wanaishi watu: jisitiri, salimia, omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Na samaki na madafu, tafadhali, nunua kwa wanakijiji.