Sepsisi: saa za kwanza, na swali la dripu

Sepsisi ni nini?

Ni hali ya hatari inayotokea mwili unapopambana na maambukizi hadi ukaanza kujidhuru wenyewe. Chanzo chaweza kuwa nimonia, UTI, kidonda, malaria kali au maambukizi ya kizazi baada ya kujifungua. Presha hushuka, damu haifiki vizuri kwenye ubongo na figo, na viungo vinaanza kushindwa kazi. Mtaani wengi husema mgonjwa ana sumu kwenye damu. Makadirio ya mwaka 2017 yalionyesha kuwa watu wapatao milioni 49 duniani waliipata na milioni 11 walifariki. Karibu nusu ya wagonjwa hao walikuwa watoto.

Nyumbani tutaijuaje?

Homa peke yake haitoshi. Wapo, hasa wazee na vichanga, ambao mwili hupoa badala ya kuchemka. Tazameni kama mgonjwa anahema haraka, anaongea maneno yasiyoeleweka au analala usingizi usio wa kawaida, mikono na miguu imekuwa ya baridi, ngozi ina mabaka, au amepitisha nusu siku bila kukojoa. Kichanga hulegea na kukataa kunyonya. Mama aliyejifungua akipata homa, maumivu chini ya kitovu au uchafu wenye harufu ukeni, asisubiri tarehe ya kliniki. Mara nyingi ndugu ndiye hugundua wa kwanza na kusema, "Baba leo siye yule." Mwambieni daktari hivyo hivyo, maana kauli hiyo inamsaidia.

Kwa nini madaktari huhesabu saa?

Mwaka 2001 Dkt. Emanuel Rivers na wenzake wa hospitali ya Henry Ford, Detroit, Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 263. Hawakungoja kitanda kipatikane chumba cha wagonjwa mahututi. Walianza tiba idara ya dharura, na kwa saa sita za mwanzo wakafuata malengo yanayopimika: presha isishuke chini ya kiwango, mkojo utoke, na oksijeni kwenye damu inayorudi moyoni isipungue asilimia 70. Katika kundi la huduma ya kawaida walifariki asilimia 46.5, na katika kundi la malengo asilimia 30.5. Hospitali nyingi zikaiga.

Tafiti tatu kubwa za 2014 na 2015, moja ya Marekani, moja ya Australia na New Zealand, na moja ya Uingereza, hazikuona utaratibu ule ukiokoa watu zaidi ya huduma ya kawaida. Kwa maoni yangu hazikubomoa kazi ya Detroit. Huduma ya kawaida ilikwisha kubadilika: makundi yote yalikuwa ya wagonjwa waliogunduliwa mapema na kupewa antibiotiki mapema. Kilichoonekana si lazima ni mirija na mitambo ya gharama.

Basi dripu nyingi ndiyo tiba?

Hapana, na hapa ndipo tunapokosea sana. Ndugu wakimkuta mgonjwa hana dripu huona ametelekezwa. Wengine hupitia duka la dawa kwanza "atundikiwe chupa mbili" ndipo waende hospitali.

Tahadhari kubwa imetoka kwetu wenyewe. Watoto zaidi ya 3,000 wenye homa na dalili za damu kutozunguka vizuri walifuatiliwa Kenya, Uganda na Tanzania, wakiwemo wa Kilifi na Muheza, na matokeo yakachapishwa 2011. Ndani ya saa 48, kati ya kila watoto 100 waliomiminiwa maji mengi kwa haraka walifariki karibu 11. Kwa ambao hawakumiminiwa, walifariki 7. Kisha Lusaka, Zambia, katika utafiti wa watu wazima 212 uliochapishwa 2017, waliopewa maji mengi, dawa za kupandisha presha na damu kwa utaratibu wa saa sita walifariki asilimia 48, na wa huduma ya kawaida asilimia 33.

Maji bado ni dawa. Mtoto aliyekaukiwa kwa kuharisha anayahitaji upesi, na utafiti ule wa watoto haukumhusu. Lakini dawa hupewa kwa kipimo. Tazama muuguzi makini anavyofanya: anabonyeza ncha ya kidole cha mgonjwa mpaka iwe nyeupe, anaachia, anahesabu. Wekundu ukichelewa kurudi kupita sekunde tatu, damu haifiki vizuri. Anasikiliza mapafu kama yameanza kujaa maji, anatazama mfuko wa mkojo na kuandika mililita za saa ile, ndipo chupa iendelee au isimamishwe. Katika utafiti wa Amerika Kusini uliochapishwa 2019, wagonjwa walioongozwa na kipimo cha kidole hawakufariki zaidi ya walioongozwa na kipimo cha damu cha maabara.

Na antibiotiki?

Kwa mgonjwa ambaye presha imeporomoka, miongozo ya kimataifa ya 2021 inataka zianze ndani ya saa moja tangu sepsisi itambuliwe. Damu ya kuotesha vimelea ichukuliwe kwanza, ili mradi isicheleweshe dawa. Vidonge vilivyobaki kabatini msimpe.

Ndugu tufanye nini?

Mkifika, ulizeni waziwazi: "Daktari, inaweza kuwa sepsisi?" Elezeni hali ilibadilika saa ngapi, alikojoa lini mara ya mwisho, na kama ana kisukari, VVU, selimundu au ujauzito. Bebeni maboksi ya dawa alizokwisha kunywa. Zahanati ikiwapa rufaa na safari ni ndefu, ulizeni kama dozi ya kwanza inaweza kutolewa kabla ya kuondoka. Wodini, msishinikize dripu iongezwe. Ulizeni presha yake ni ngapi na mkojo unatokaje.

Mgonjwa anayehema mbio na hajielewi asilale nyumbani kungoja asubuhi. Mpelekeni usiku huohuo.